Saini ya Wakunga wa Masasi

Dodoma, 11 Februari 2024

Agatha, ndugu yangu,

Mwenzangu wa kazi, Lameck, amerudi jana kutoka Masasi. Kabla hajatua begi lake chini akaniambia kuna mkunga mmoja huko aliyemchosha kwa maswali siku nzima ya mafunzo, na mwishoni akampa ujumbe: "Mwambie Mwanakombo wa mzee Muharami kwamba mwandiko wangu bado mbaya." Nilicheka mpaka Lameck akashangaa, maana hajawahi kuniona nacheka hivyo kazini.

Basi nimeamua nikuandikie kwa mkono. Namba yako ninayo, mama alinipa siku nyingi, lakini tukipigiana simu tutaulizana mvua na watoto, halafu mtandao utakatika na kila mtu atarudi kwenye shughuli zake. Sisi tulijuana kwa barua. Wewe shamba kwenu, mimi mjini Newala nyuma ya duka la baba, na tukionana leo shuleni bado kesho tunaandikiana. Unakumbuka tulivyokuwa tunakwangua utomvu kwenye gome la mkorosho, tunauloweka mpaka unalainika, tunafungia bahasha, na juu yake tunaandika kwa herufi kubwa AFUNGUE MHUSIKA PEKE YAKE? Na kaka yangu Yunusi, tarishi wetu mwenye baiskeli, alikuwa anazifungua zote kwa mvuke wa birika. Anasoma, anazibandika upya, halafu jioni anatuimbia maneno yetu wenyewe kibarazani.

Nikwambie ukweli, kazi ninayoifanya huku ni ileile. Lakiri, chombo kile Lameck alichowafundisha, ni barua ambayo Yunusi hawezi kuifungua kwa mvuke.

Najua Lameck anaeleza kwa haraka, kwa hiyo nikueleze mimi polepole. Bahasha ya kawaida unaiandika jina la mpokeaji. Ujumbe wa Lakiri huuandiki jina, unauandika sifa. Unasema: ufunguliwe na mtu ambaye ni mkaguzi wa huduma za afya, na ambaye hafanyi kazi katika wilaya hii. Mwenye sifa hizo mbili kwa pamoja, simu yake itaufungua. Asiye nazo ataona herufi zisizo na maana. Na watu wawili, kila mmoja na sifa moja, hawawezi kuunganisha funguo zao wakajifanya mtu mmoja; nimehangaika sana na jambo hilo mpaka likakubali. Upande wako wewe unayeandika ni hivyohivyo. Huweki jina, unaweka saini ya sifa. Msomaji anapata uhakika kwamba aliyeandika kweli ni mkunga wa Masasi, si mtu wa mtaani mwenye chuki zake. Ila ni mkunga yupi, hapati kujua. Kufunga na kutia saini ni tendo moja, katika hesabu moja. Hesabu hiyo imenila miaka yangu mizuri, Agatha, na mvi zangu zote zinatoka huko.

Mama ananiambia Yunusi sasa ndiye mganga mfawidhi wa kituo chenu cha afya. Nimefurahi kusikia mko pamoja. Mwangalie asizidishe chumvi, presha imo katika ukoo wetu.

Ni mimi,
Mwanakombo


Masasi, 3 Machi 2024

Mwanakombo wa kwetu,

Barua yako imelala posta siku kadhaa kwa sababu hakuna anayekumbuka kutazama sanduku. Nimeisoma nikiwa kwenye benchi la wodi ya wazazi, wazazi wawili wenye matumbo makubwa wananitazama nacheka peke yangu. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba nesi kapata barua ya mchumba. Nikamwacha aamini.

Umenirudisha mbali. Mimi nakumbuka zaidi mwaka ule mashine ya maji ilipokufa, Newala nzima ikawa inashuka bondeni na ndoo. Tunatoka alfajiri, ukungu umelala juu ya bonde la Ruvuma, na tukisimama pale Shimo la Mungu tunaona kama dunia imeishia miguuni kwetu. Wewe ulikuwa unatega mafumbo ya namba njia nzima ya kupanda. Nakwambia nyamaza, pumzi itaisha, na wewe unaendelea. Sasa naona mafumbo yale yamekupa kazi, na mimi ndoo zile zimenipa mgongo mbovu.

Yunusi hajambo. Amenenepa, amekuwa na heshima zake. Wafanyakazi wanamwogopa kidogo, mimi simwogopi, maana nilimwona akilia alipoanguka kwenye mbibo. Kituo kinatarajia kukaguliwa ili kipandishwe daraja, kwa hiyo siku hizi halali vizuri. Anataka kila ukuta upakwe rangi.

Maswali ninayo, Lameck aliyakimbia. Tuko wakunga wachache katika kituo kimoja. Nikiandika katika hiyo saini yako kwamba mimi ni mkunga, wa kata fulani, mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, si nimeshajitaja jina? Na la pili: hao wa kufungua, mganga mfawidhi anaweza kuwamo? Na la tatu: wewe uliyekitengeneza chombo, wewe unaweza kuona?

Nauliza tu. Unajua nilivyo, siwezi kuvaa nguo bila kuigeuza nione mishono.

Mfikishie mama shikamoo yangu ukimpigia. Mwambie bado natamani ming'oko yake; hakuna anayechemsha viazi vile vya porini kama yeye.

Agatha, Mama Optatus


Dodoma, 24 Machi 2024

Agatha,

Nakuandikia nimefunga, mdomo mkavu, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nimewafundisha wataalamu wengi chombo hiki na hakuna aliyeniuliza swali lako la kwanza. Wote wanauliza kama kufuli ni imara. Wewe umeuliza kama kundi la kujifichia ni kubwa.

Uko sahihi. Hesabu inakuficha ndani ya kundi la wenye sifa ulizozitaja, haiwezi kukuficha zaidi ya hapo. Ukitaja sifa nyingi, kundi linapungua mpaka unabaki peke yako umesimama uwanjani. Kwa hiyo mwandishi ndiye anayechagua. Ufunguo wako una sifa zako zote, lakini saini itaonyesha zile tu unazotaka zionekane. Mtu mwenye busara ataandika: muuguzi au mkunga, wa Masasi au Newala. Basi. Hapo uko katika umati, na mkaguzi bado anajua kwamba anayesema anaijua kazi.

Swali la pili: mganga mfawidhi hawezi kufungua, labda mwandishi mwenyewe aruhusu. La tatu: mimi siwezi kuona ulichoandika, kwa kuwa si mkaguzi. Na hata nikipewa ujumbe uliokwisha kufunguliwa, siwezi kujua nani katika umati ameutia saini. Nimefanya hivyo makusudi. Wenzangu wengine walitaka tubakize njia ya kumtambua mwandishi ikibidi, mimi nikakataa. Nilijiambia, kama mimi naweza kumtambua, basi siku moja mtu atanijia na kunilazimisha.

Yunusi kuanguka kwenye mbibo nilikuwa nimesahau kabisa. Alikuwa ametupa sisi yale mabibo mekundu, yeye akabaki na ya manjano yaliyoanza kuchacha. Nguo zake nyeupe za Idi zilibaki na madoa ya mabibo mpaka zikatupwa. Baba alikasirika, mama akazichovya na kuzichovya. Siku hizo nilidhani hakuna mtu mkubwa duniani kama kaka yangu akiwa juu ya ile baiskeli. Nadhani mpaka leo sijaacha.

Idi njema mapema, ingawa wewe utanijibu kwa Pasaka.

Mwanakombo


Masasi, 19 Mei 2024

Mwanakombo,

Nisamehe nimekawia. Huku watu wameanza kupuliza salfa kwenye mikorosho, kila mtu anakohoa, kila nguo inanuka.

Tumempoteza mzazi. Anaitwa Fatu, wa upande wa Chiungutwa, uzazi wake wa kwanza. Mtoto alitoka vizuri, wa kike, ana sauti. Mama yake akaanza kutoka damu. Nilimchoma sindano mimi mwenyewe, nikarudia, nikarudia. Sindano ile huwa inashika, Mwanakombo, nimeitumia miaka yote hii, unauona mfuko wa uzazi unakaza chini ya mkono wako. Safari hii ulibaki laini kama unga uliolowana. Tulimpakia kwenye gari tukimkimbiza hospitali ya Ndanda. Hakufika.

Sitaki kuandika zaidi.

Leo nimeamka namkumbuka Yunusi wa zamani. Ile mara nilipougua homa kali shamba, baba yangu amesafiri, na mama hana wa kumtuma. Yunusi alikuja kuleta barua yako akanikuta nimelala mkekani. Alinifunga kwa kanga ya mama mgongoni kwake kama mtoto, akapanda baiskeli, akanipeleka mpaka hospitali, njia yote ile ya mchanga. Nilikuwa natetemeka na yeye anaimba ili nisilale. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu ningekufa. Sijui kama wewe ulijua kwamba ilikuwa hatari kiasi hicho. Yeye hakupenda kusimulia.

Niombee.

Agatha


Dodoma, 14 Julai 2024

Agatha,

Sijui nianzie wapi. Yunusi amesimamishwa kazi. Bila shaka umeona kwa macho, uko hapohapo, na nimeshangaa kwamba hukuniandikia. Nimepata habari kwa mama. Alikuwa analia, nikadhani kuna msiba.

Na kinachoniumiza zaidi ni njia iliyotumika. Wakaguzi walipata ujumbe kwa Lakiri. Muuguzi au mkunga, wa Masasi au Newala. Unaona? Maneno yangu mwenyewe, ushauri ninaoutoa kwa kila mtu. Nimefanya kazi miaka yote hiyo ili mtu ajifiche humo na kumchoma kisu ndugu yangu mgongoni. Ujumbe wenyewe sijausoma, siruhusiwi. Nimeambiwa tu kwamba unahusu dawa na kifo.

Mama alikuja huku Dodoma kunitazama machoni. Hakuzunguka.

"Unamjua aliyemwandika kaka yako?"

"Simjui, mama."

"Unaweza kumjua?"

"Siwezi."

"Na kama ungeweza, ungeniambia?"

Nikamsogezea chai. Akakusanya vitu vyake, akarudi Newala siku ya pili. Chai yangu hakuinywa.

Halafu kuna Lameck. Yeye ndiye msimamizi wa mradi, na wakubwa huko juu wamembana. Wanasema chombo kisichoweza kumtaja mshitaki ni chombo cha majungu. Wanataka niweke mlango mdogo wa nyuma: saini za zamani zibaki zilivyo, lakini kuanzia sasa kila saini ibebe alama ambayo ofisi ikitaka inaweza kuisoma na kupata jina. Kwa ujuzi wangu ni kazi ndogo. Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu: nimeshaianza. Niliketi nikaandika nusu yake, nikiwa na hasira, nikimfikiria mtu huyo asiye na uso. Nikasimama nikaenda kuswali. Sijairudia, lakini sijaifuta pia.

Sasa nakuomba. Wewe umemjua Yunusi tangu utoto, umefanya kazi chini yake, na neno lako lina uzito. Waandikie tume inayomchunguza, kwa jina lako, waziwazi, uwaambie ni mtu wa namna gani. Niambie, nani mwingine nimwombe?

Mwanakombo


Masasi, 4 Agosti 2024

Mwanakombo,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeanza kujibu na kuchana.

Siwezi kuandika barua hiyo unayoiomba. Nikiwaandikia tume kwamba Yunusi ni mtu mwema nitakuwa nimesema kweli, na nitakuwa nimesema uongo. Wakiniita nitakwenda, nitawaambia nilichokiona, na nitaanza na ile safari ya baiskeli ili wajue namzungumzia nani. Lakini sitaishia hapo.

Usiniulize mimi. Nenda Newala. Yunusi yuko kwa mama, anakaa uani kutwa. Kaa naye mkiwa wawili, umuulize habari za jokofu la dawa. Sema hivyo tu, jokofu la dawa, halafu unyamaze umwache aseme. Nikikueleza mimi utanichukia kabla hujasikia kwake, na yeye utamnyima nafasi ya kusema mwenyewe.

Sasa kuhusu huo mlango wa nyuma. Unamkumbuka Helena, tuliyesoma naye, mrefu, wa kuimba kwaya? Alikuwa muuguzi katika kituo kingine, mbali na hapa. Miaka ile aliandika kwa jina lake kwamba wazazi wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja na wengine sakafuni. Alihamishwa ndani ya mwezi huo, mumewe huku, yeye kule, mtoto bado ananyonya. Ndoa ikafa. Alichokisema kilikuwa kweli na kila mtu alijua ni kweli. Tangu hapo, wakunga wa huku tukiona jambo tunatazamana tu. Tunatazamana, tunakunja shuka, tunakwenda nyumbani.

Wewe ndiye uliyetupa namna ya kuacha kutazamana. Sikukwambia hivyo mwanzoni kwa sababu nilijua utavimba kichwa. Ukiweka mlango huo, mimi nitarudisha ufunguo wangu, na sidhani kama nitakuwa peke yangu. Sikutishi. Nakueleza vile mambo yatakavyokuwa.

Jana nimepita nyumbani kwa kina Fatu. Bibi yake Fatu ndiye anayemlea mtoto. Wamemwita Mwanahawa. Anashika kidole hakiachii.

Mimi bado ni wako, kama bado unanitaka.

Agatha


Newala, 8 Septemba 2024

Agatha,

Naandika nikiwa kwa mama, kwenye chumba chetu cha zamani, dirisha lile la mbao ambalo halifungi mpaka ulipige ngumi. Asubuhi kumejaa ukungu, nimejifunga mashuka mawili kama bibi. Nilisahau kwamba kuna baridi Newala. Nilisahau pia harufu ya mikorosho ikitoa maua. Jana nimesimama nje muda mrefu nikiivuta tu, mama akaniuliza kama naumwa.

Nilikwenda uani nikamkuta Yunusi anapiga randa mbao ya kitanda cha mama. Nikasema maneno yako, nikanyamaza.

Akaweka randa chini akaniambia yote. Kwamba jokofu lilikufa Machi, wakati wa Ramadhani. Kwamba fundi alisema kifaa kitachelewa, na wakaguzi wa daraja walikuwa wanakaribia kuja. Aliona akisema jokofu limekufa, kituo kitaanguka na miaka yake yote ya kukijenga itakwenda. Kwa hiyo akaandika joto la jokofu kama vile linafanya kazi, na dawa zikabaki mle ndani, kwenye kabati la joto, pamoja na zile za sindano ya uzazi zinazoharibika zisipopata baridi. Na kwamba mkunga mmoja alimletea vile vichupa ofisini kwenye sinia, akavipanga mezani kwake, akamwambia hivi sasa ni maji, tuvimwage, tukaombe vingine Ndanda. Yeye akamwomba avumilie mpaka wakaguzi waondoke. Mkunga akarudi tena siku nyingine, akamjibu vilevile. Mara ya tatu alimfungia mlango.

Hakumtaja jina huyo mkunga. Mimi sikumuuliza. Wote wawili tulikuwa tunamwona.

"Fatu alikuja katika siku hizo," akasema. "Wakaguzi walikuwa wameshaondoka. Nilikuwa nangoja barua yao."

Nikamuuliza kama anamjua aliyeandika. Nilitaka kusikia atasema nini.

"Waliostahili kuandika walikuwa wengi, na wa kwanza ni mimi," akasema. "Mama ananiuliza kila siku, namwambia sijui. Na wewe mwambie hujui."

Agatha, kaka yangu alilia. Nilimshika kichwa kama tulivyokuwa tunamshika siku ile chini ya mbibo. Nilimkasirikia na nilimwonea huruma kwa wakati mmoja. Ni yeye aliyekubeba mgongoni ili usife, na ni yeye aliyefunga mlango. Nimejaribu kuwafanya wawe watu wawili, nimeshindwa.

Kule kazini mambo yameisha hivi. Ile nusu ya mlango niliifuta usiku ule niliposoma barua yako. Lameck nilimwambia uso kwa uso kwamba sitauweka, na kwamba akimpa mtu mwingine auweke, lazima wakunga wote waambiwe kwanza, la sivyo nitawaambia mimi. Lameck si mtu mbaya, ana watoto na ana wakubwa. Mwishowe aliandika juu kwamba haiwezekani bila kuwaarifu wenye funguo wote, na juu wakaona ni aibu, wakaliacha. Lakini mimi nimeondolewa kwenye mradi. Nimerudishwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hesabu za mwanzo. Nimeumia, siwezi kukudanganya. Lakiri ilikuwa mtoto wangu. Ila iko salama, na inafanya kazi bila mimi.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuandikia maneno makali mwezi wa saba. Ya kisu na mgongo. Nayarudisha, yote.

Na ninakuomba jambo moja: usiniambie. Si sasa, si tukizeeka. Usiniambie ndiyo wala hapana. Mama ataniuliza tena, namjua, na nataka nimwambie simjui nikimtazama machoni. Nilitengeneza chombo ili mtu kama huyo asilazimike kumjibu yeyote, na mimi sitakuwa wa kwanza kumlazimisha. Kama ungekuwa unamfahamu, nadhani ungemwambia kwamba dada yake Yunusi anamshukuru.

Na ndiyo, bado nakutaka. Swali gani hilo.

Mwanakombo


Masasi, 10 Novemba 2024

Mwanakombo wa kwetu,

Nimefanya ulivyosema. Hapo ndipo mwisho wa habari hiyo kati yetu.

Nyingine ndizo hizi. Tumepata jokofu la sola, jeupe, linanguruma kama paka. Yunusi amemalizana na tume. Ameshushwa cheo, amepangiwa zahanati ndogo vijijini, tabibu wa kawaida. Kabla ya kwenda alipita kituoni kuchukua vitu vyake. Wafanyakazi wakajificha, kila mmoja akawa na kazi ya ghafla. Mimi nilikuwa nafua glavu, mikono imejaa povu, sikuweza kukimbia. Alisimama mlangoni. "Mama Optatus," akasema, "umelitazama jokofu leo?" Nikamwambia ndiyo, asubuhi na mchana. Akasema vizuri. Akaondoka. Alikwenda pia kwa bibi yake Fatu. Alichosema huko sikijui, bibi hajaniambia, na sijamuuliza.

Jumapili iliyopita nilipanda Newala. Msimu umefika, mabibo yamejaa chini ya miti, nyuki kila mahali, barabara nzima inanuka utoto wetu. Njiani nilimwomba dereva asimame pale juu, nikashuka kutazama bonde. Ruvuma ilikuwa inang'aa kidogo, mbali. Nikakukumbuka na mafumbo yako, nikaongea peke yangu, dereva akapiga honi.

Nilikwenda kwa mama. Niliogopa, Mwanakombo. Nilikaa nje ya uzio nikirekebisha kitambaa changu mpaka jirani akaniuliza natafuta nani. Nikaingia, nikapiga magoti, nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba. Hakuniambia kaa. Alikuwa anabangua korosho na mikono yake imekuwa myeusi kwa mafuta ya maganda, kama zamani.

Alinitazama sana. Nilijua linakuja lile swali, na nilikuwa nimeshaamua kwamba mama yako simdanganyi.

"Yule binti," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa naye mpaka mwisho?"

Nikasema ndiyo, mama, mimi.

"Alikuwa na umri gani?"

"Ishirini na mbili."

"Alisema kitu?"

Nikamwambia kweli. Fatu aliuliza kama mtoto ameshanyonya. Nikamwambia ameshanyonya, ingawa alikuwa bado. Akasema basi.

Mama yako aliweka kisu chini. Alikaa hivyo, mikono mapajani, macho kwenye lile rundo la maganda. Nilisikia kuku, na mtu anatwanga nyumba ya pili. Nikangoja aniulize. Alinyanyuka polepole, akaingia jikoni, nikasikia anafunua chungu. Alirudi na sahani ya ming'oko, ya moto, akaiweka mbele yangu, halafu akavuta kigoda kwa mguu wake akakisogeza karibu na cha kwake.

"Kaa," akasema. "Kaa ule, mwanangu."

Nikakaa, nikala. Yeye akarudia korosho zake, na mimi nilipomaliza nikachukua kisu cha pili nikamsaidia.

Agatha